Kipakizi cha Kompyuta: Kazi Yake, Uwekaji Wake na Jina Lake

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza programu ndogo ambayo bila ya hiyo kompyuta ya binafsi haiwezi kuufikia mfumo wake endeshi. Tutaeleza kazi ya programu hiyo, mahali inapokaa katika diski, jinsi inavyowekwa na kusanidiwa, na jinsi inavyorudishwa ikiharibika. Mwishoni tutalijadili jina lake, kwani katika jambo hili jina na kazi haviachani.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yanamhusu nini mtaalamu wa lugha? Jibu ni kwamba hazina za idara zetu sasa zimo katika kompyuta. Rekodi za lahaja, picha za miswada ya kale, kadi za kamusi ambazo hazijachapishwa, pamoja na tasnifu za wanafunzi, aghalabu huwa katika diski moja iliyo juu ya meza ya mhadhiri mmoja. Ikitokea kwamba kompyuta hiyo imewashwa asubuhi ikaonyesha kioo cheusi chenye maneno mawili matatu, hukumu hutolewa upesi kwamba “imekufa”. Huitwa fundi, naye fundi asiye mwangalifu hushauri diski ifomatiwe na mfumo uwekwe upya. Kazi ya miaka mitano hufutwa kwa nusu saa.

Hoja yetu ni kwamba mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kompyuta iliyokosa kipakizi haikufa, na hazina iliyomo haikupotea. Kilichoharibika ni kitu kidogo sana kilichotengwa na hazina hiyo, na mtu anayejua kilipo aweza kukirudisha bila ya kuligusa hata faili moja la utafiti wake.

2. Jinsi kompyuta inavyoamka

Kompyuta inapowashwa, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi huwa tupu. Mfumo endeshi umelala katika diski, na hauwezi kujisomesha wenyewe, kwa kuwa kazi ya kusoma diski kwa kawaida hufanywa na mfumo huo huo. Hapa pana kitendawili: anayetakiwa kuletwa ndiye mwenye kazi ya kuleta. Kitendawili hiki huteguliwa kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni programu iliyohifadhiwa na mtengenezaji katika kipande maalumu kwenye ubao mama. Hii tutaiita programu ya ubaoni. Kichakataji huanza kwa kuitekeleza hiyo, nayo hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha hutafuta pa kuendelea. Ngazi ya pili ni kipakizi. Hiki huonyesha menyu iwapo mifumo endeshi ni zaidi ya mmoja, hukitafuta kiini cha mfumo uliochaguliwa, hukipakia katika kumbukumbu, na kukikabidhi usukani. Ngazi ya tatu ni kiini chenyewe, ambacho huiamsha mifumo mingine yote mpaka mtumiaji aulizwe neno lake la siri.

Mtu wa pwani ataielewa kazi ya kipakizi akimkumbuka rubani wa bandari. Meli inapoingia Kilindini, rubani hupanda, huiongoza katika mkondo anaoujua, kisha hushuka. Hakuijenga meli, wala shehena si yake. Akikosekana, meli husimama nje ya bandari ikiwa nzima, na shehena yake yote imo ndani. Wala hakuna mwenye busara atakayeamuru shehena itupwe baharini kwa sababu rubani hakufika.

3. Makao mawili ya kipakizi

Katika kompyuta za binafsi kipakizi kina makao ya aina mbili, kutegemea aina ya programu ya ubaoni. Asiyejua kompyuta yake ni ya aina gani hana budi kulijua hilo kwanza, kwa maana dawa ya moja siyo dawa ya nyingine.

Aina ya kwanza ni BIOS, iliyokuja na kompyuta ya binafsi ya IBM mwaka 1981. BIOS haijui faili wala folda. Inachokijua ni kusoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512, kuiweka katika kumbukumbu na kuitekeleza. Sekta hiyo huitwa MBR, na mpangilio wake wahitaji kuangaliwa kwa makini. Baiti 446 za mwanzo ni za amri za kipakizi. Baiti 64 zinazofuata ni jedwali la sehemu za diski, ambalo lina nafasi nne za baiti 16 kila moja. Baiti 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo ni halali. Hivyo kipakizi na ramani ya diski ni majirani wanaoishi chini ya paa moja, na humo ndimo hatari ilimo: anayeandika baiti zote 512 akikusudia kurudisha kipakizi, huandika pia juu ya ramani. Akitumia nakala ya zamani, atakuwa amerudisha ramani ya zamani, na sehemu zilizogawanywa baadaye hazitaonekana tena.

Kwa kuwa baiti 446 hazitoshi kwa programu yenye akili, kipakizi cha siku hizi hugawanywa. Kipande cha kwanza hukaa katika MBR, na kazi yake ni kukiita kipande cha pili. Kwa kawaida hicho cha pili hukaa katika nafasi iliyoachwa tupu kati ya MBR na mwanzo wa sehemu ya kwanza ya diski. Mafaili yaliyobaki hukaa ndani ya mfumo endeshi wenyewe.

Aina ya pili ni UEFI. Asili yake ni kazi iliyoanzishwa na kampuni ya Intel katika miaka ya 1990, na tangu mwaka 2005 imesimamiwa na jumuiya ya makampuni mengi. UEFI yaweza kusoma faili. Kwa hiyo kipakizi hakifichwi tena katika sekta ya kwanza, bali huwekwa kama faili la kawaida katika sehemu maalumu ya diski, ambayo kwa kawaida hupangwa kwa mtindo wa FAT32. Programu ya ubaoni huwa na orodha yake ya vipakizi inavyovijua, pamoja na utaratibu wa kipi kianze. Isipokuta kilichomo katika orodha, hulitafuta faili la akiba ambalo katika kompyuta za biti 64 za kawaida huitwa BOOTX64.EFI, ndani ya folda ya EFI/BOOT.

Tofauti hii hueleza malalamiko yanayosikika mara kwa mara. Mtu mwenye Linux na Windows katika diski moja akiiweka Windows upya, huona Linux imetoweka. Katika kompyuta ya BIOS, Windows huwa imeandika kipakizi chake juu ya kile cha zamani katika MBR. Katika kompyuta ya UEFI, aghalabu huwa haikufuta kitu, bali imejiweka mbele katika orodha. Katika hali zote mbili mafaili ya Linux yapo pale pale yalipokuwa.

4. Kuweka kipakizi

Tutachukua mfano wa GRUB, ambacho ndicho kipakizi kinachotumiwa zaidi katika mifumo ya Linux. Kilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, na baadaye kikaingizwa katika mradi wa GNU. Kabla yake wengi walitumia LILO, ambacho uendelezaji wake ulikoma mwaka 2015. Tofauti ya viwili hivi inafaa kutajwa. LILO kilihifadhi orodha ya mahali hasa kiini kilipo katika diski, sawa na kumwelekeza mgeni kwa kumhesabia hatua. Nyumba ikihamishwa, hesabu hupotea, na kwa hiyo LILO kilipaswa kuwekwa upya kila kiini kilipobadilishwa. GRUB hujua kusoma mafaili, hivyo humwelekeza mgeni kwa jina la mwenye nyumba.

Mfano wetu ni kompyuta yenye Debian, na amri zote hutolewa na mtumiaji mkuu katika dirisha la amri. Hatua ni hizi:

(a) Nakala ya akiba. Kazi za utafiti zinakiliwe kwanza katika diski nyingine. Kama kuna Windows iliyofungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48 uandikwe pembeni, maana badiliko katika njia ya kuamka laweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo.

(b) Kuijua programu ya ubaoni. Folda ya /sys/firmware/efi ikiwapo, mfumo umeamshwa kwa njia ya UEFI. Isipokuwapo, umeamshwa kwa njia ya BIOS.

(c) Kuijua diski. Amri ya lsblk huorodhesha diski zote na sehemu zake. Tuseme diski yetu ni /dev/sda, sehemu ya vipakizi ni /dev/sda1, na sehemu ya Debian ni /dev/sda2. Katika kompyuta nyingi mpya diski huitwa /dev/nvme0n1. Hatua hii isiharakishwe, kwani herufi moja ikikosewa huielekeza amri kwenye diski isiyokusudiwa.

(d) Kuweka. Katika kompyuta ya BIOS amri ni grub-install /dev/sda. Ielekezwe kwenye diski nzima, wala si kwenye sehemu yake, kwa sababu MBR ni mali ya diski nzima. Katika kompyuta ya UEFI amri ni grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi, mradi sehemu ya vipakizi iwe imekwisha kuunganishwa katika folda ya /boot/efi.

(e) Kuandika menyu. Amri ya update-grub huvitafuta viini vilivyomo na kuandika faili la /boot/grub/grub.cfg, ambalo kipakizi hulisoma kila siku kompyuta inapoamka.

5. Kukisanidi

Faili la grub.cfg lisihaririwe kwa mkono, kwa sababu huandikwa upya kila mara update-grub inapoendeshwa. Mwenye kutaka kubadili jambo hulibadili katika faili la /etc/default/grub, kisha huiendesha amri hiyo. Mistari mitatu yatosha kwa mahitaji ya kawaida. GRUB_DEFAULT hutaja mfumo utakaoamshwa mtumiaji asipochagua, na kuhesabu huanza sufuri: anayeandika 0 amechagua wa kwanza katika menyu. GRUB_TIMEOUT hutaja sekunde za kusubiri. Katika kompyuta inayotumiwa na wengi, sekunde 5 au 10 zinafaa. Mstari wa tatu ni GRUB_DISABLE_OS_PROBER. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB kwa kawaida hakitafuti mifumo mingine katika diski kwa sababu za usalama. Anayetaka Windows ionekane katika menyu aandike false mbele ya jina hilo.

Panahitajika pia kutajwa ulinzi wa kuamka uliomo katika UEFI, ambao ulienea katika kompyuta zilizouzwa na Windows 8 kuanzia mwaka 2012. Ulinzi huu hukataa kipakizi kisicho na sahihi inayotambuliwa. Debian imeukubali tangu toleo lake la 10 la mwaka 2019, kwa kutumia kipakizi kidogo cha kati chenye sahihi ya Microsoft, ambacho kazi yake ni kukikagua GRUB na kukiruhusu. Kwa hiyo shauri linalotolewa mara nyingi kwamba ulinzi huu sharti uzimwe si la lazima tena katika hali za kawaida.

6. Kukirudisha kilichoharibika

Kabla ya kutibu, na tusome dalili. Kioo kikionyesha maneno grub rescue>, maana yake ni kwamba kipakizi kimeamka lakini hakiyaoni mafaili yake mengine, pengine kwa sababu sehemu za diski zimebadilishwa. Rubani amefika ila amepoteza ramani. Amri ya ls itamwonyesha mtumiaji sehemu zilizopo. Akiiona yenye folda ya /boot/grub, tuseme (hd0,gpt2), ataandika set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub, kisha insmod normal, kisha normal, na menyu itatokea. Mfumo ukiisha kuamka, kipakizi kiwekwe upya kama tulivyoeleza, la sivyo tatizo litarudi kesho yake.

Kama kipakizi hakionekani kabisa, kompyuta iamshwe kwa flashi yenye Linux. Flashi hiyo iamshwe kwa njia ile ile ya mfumo unaotibiwa, UEFI kwa UEFI na BIOS kwa BIOS. Kisha sehemu ya Debian iunganishwe kwa mount /dev/sda2 /mnt, na katika UEFI sehemu ya vipakizi kwa mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi. Folda za /dev, /proc na /sys nazo ziunganishwe chini ya /mnt kwa mount --rbind. Amri ya chroot /mnt humwingiza mtumiaji ndani ya mfumo wake uliolala, naye huko huendesha grub-install na update-grub kama kawaida.

Yafaa isisitizwe kwamba pindi sehemu ya Debian inapounganishwa katika /mnt, mafaili yote ya mtumiaji huonekana na kuweza kunakiliwa. Hapo ndipo mwenye hofu hujionea kwa macho yake kwamba rekodi zake zipo. Kama zoezi zima halina faida nyingine, hii yatosha: diski isifomatiwe kamwe kabla ya hatua hii kujaribiwa.

7. Suala la istilahi

Katika makala haya tumetumia neno kipakizi. Inafaa tuitetee hatua hiyo, kwa sababu majina mengine yawezekana.

La kwanza ni mkopo, kubuti, linalosikika midomoni mwa mafundi. Mkopo si dhambi. Neno kompyuta lenyewe ni mkopo, na limeenea kuliko tarakilishi na ngamizi. Lakini hapa mkopo unakuja mikono mitupu. Katika Kiingereza neno hilo lilitokana na taswira ya mtu anayejinyanyua kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe, taswira inayokieleza vizuri kile kitendawili cha sehemu ya pili. Likiingia Kiswahili, taswira hiyo inabaki ng’ambo, na neno linagongana na buti la kuvaa na la gari.

La pili ni kianzishi au kiwashi. Haya yanaeleweka upesi, lakini yanapotosha. Kompyuta huwashwa na umeme na kuanzishwa na programu ya ubaoni. Kipakizi huja baadaye. Upotoshaji huu una madhara. Mtu akiambiwa kwamba kiwashi cha kompyuta kimeharibika atadhani mashine haiwaki, na hatashangaa akishauriwa kuanza upya. Akiambiwa kwamba kipakizi kimeharibika, mara moja atauliza: kilichokuwa kinapakiwa kiko wapi? Swali hilo ndilo litakalomwokoa.

Kwa upande wa umbo, kipakizi kimefuata kanuni tunazozijua. Vitenzi vingi vinavyoishia na -ia hutoa nomino za mtendaji kwa -izi: simamia hutoa msimamizi, saidia hutoa msaidizi, angalia hutoa mwangalizi. Upakizi na mpakizi yamo katika lugha ya bandarini. Kwa kubadili kiambishi awali kuwa ki- tunapata mtendaji asiye mtu, kama sarufi ilivyokwisha kufanya kwa kitenzi, kielezi na kiunganishi. Irabu ya mwisho nayo ina kazi yake. Tungesema kipakio tungeashiria kifaa ambacho mtu hupakilia, kama kifuniko ni cha kufunikia. Programu hii hupakia yenyewe, na -i ya mtendaji ndiyo inayoistahili.

Majina ya amri, kama grub-install, hatukuyafasiri, wala hayafai kufasiriwa. Hayo ni maandishi ambayo mashine huyataka herufi kwa herufi. Lililo letu ni maelezo yanayoyazunguka, yaani kusema amri inagusa nini, inaacha nini, na kwa sababu gani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, nao ulionyesha kwamba menyu na vitufe vyaweza kusema Kiswahili. Kilichobaki nyuma ni nathari ya ufundi, yaani maelezo marefu yenye sababu na tahadhari. Nayo haitungwi na orodha za istilahi peke yake.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba kompyuta huamka kwa ngazi, kwamba kipakizi ni ngazi ya pili tu, na kwamba makao yake ni ama MBR ama sehemu maalumu ya diski inayosomwa na UEFI. Tumeona pia kwamba kukiweka kwahitaji amri mbili, na kukirudisha kwahitaji flashi moja na subira.

Pendekezo letu kwa idara ni la vitendo. Kila idara yenye hazina ya lugha katika kompyuta iwe na flashi ya kuamshia iliyojaribiwa, karatasi yenye majina ya diski na sehemu zake, na maelezo ya hatua hizi kwa Kiswahili yaliyobandikwa karibu na mashine. Katibu, mwanafunzi au mhadhiri atakayeikuta mashine imegoma ayasome kabla ya kumwita fundi. Na fundi akifika aulizwe kwanza kama amejaribu kurudisha kipakizi, ndipo aruhusiwe kuigusa diski.